Goti la Mama Katika Mahekalu ya Bangkok

Wiki iliyopita, kwenye treni ya asubuhi kutoka Tumba, hapa Swiden, bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alifungua kichupa cha dawa ya kuchua, ile ya kijani yenye kafuri, akajipaka kiganjani na kuanza kujisugua kifundo cha mkono. Behewa zima likanuka. Watu waliinua macho kutoka kwenye simu zao, kisha wakatazama pembeni kwa adabu, maana Waswidi ni mabingwa wa kutazama pembeni. Mimi nilifumba macho nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Treni iliposimama Flemingsberg nilikuwa bado nimeyafumba, nikapitishwa kituo changu. Nilichelewa kazini na wala sikujuta.

Harufu ile ni ya goti la mama yangu. Na nikikumbuka goti la mama, nakumbuka majira ya baridi tuliyokwenda Bangkok.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Fittja, mtaa wetu wa wahamiaji, mnawajua mama zetu. Wangu alitoka Uvira na mimi mgongoni, na tangu nilipoanza kupata akili nilimjua kama mtu wa kuinua. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mikono minene na sauti ya kwaya, na kazi yake ilikuwa wodini, katika hospitali kule Flemingsberg: kuwaogesha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza kitandani upande huu na upande ule wasipate vidonda. Kazi hiyo aliifanya na shangazi yangu wa kupewa, Tante Lek, Mthai mfupi aliyemfikia mama kifuani. Walifanya kazi pamoja, mmoja kila upande wa kitanda, na mama alikuwa akisema kwamba mgonjwa akishikwa na wao wawili hujiona mwepesi. Wakizungumza walitumia Kiswidi chao wenyewe, ambacho hata mimi mtoto nilikicheka, nao hawakujali.

Kisha mama akateleza kwenye barafu pale kituo cha basi cha Fittja. Goti la kulia. Alipasuliwa, akashonwa, akapewa mkongojo na mazoezi. Mkongojo aliutupa mapema kwa maringo yake, na mazoezi hakuyafanya kwa sababu yalimuuma na aliogopa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwonya kwamba goti lisilokunjwa husahau kukunjika, na kwamba wodini hawawezi kumrudisha mtu asiyeweza kwenda chini kumwinua mgonjwa aliyeanguka. Nafasi yake ingemsubiri mpaka majira ya kuchipua. Baada ya hapo angebaki nyumbani kwa malipo ya ugonjwa, akiwa bado na nguvu za kumbeba baba. Haya niliyajua kwa sababu kuta za nyumba yetu zilikuwa nyembamba, na mama hakujaliwa kunong'ona.

Mchana kutwa alikaa na mguu umenyooshwa juu ya kiti cha pili. Usiku alisali amesimama. Zamani alipiga magoti kando ya kitanda kila siku, mpaka zulia likabonyea sehemu mbili. Nilipomuuliza kwa nini siku hizi hapigi magoti, alisema Mungu anawasikia hata walio wima. Nilikubali, kwa kuwa mambo ya Mungu yalikuwa idara yake.

Tante Lek alikuwa akienda kwao kila majira ya baridi. Mwaka ule alimwambia mama waende wote, joto litalilainisha goti, na nyumba ya mama yake ina nafasi. Baba aliunga mkono haraka mno, nadhani alichoka kuzunguka kile kiti cha pili. Wadogo zangu wakabaki naye, mimi nikachukuliwa ili mama awe na mtu wa kumbebea mkoba. Kabla ya kuondoka, wamama wa kwaya ya kanisa letu walikuja nyumbani kuiombea safari. Wakala maandazi, wakaomba, kisha mmoja wao akamwonya mama kwamba mji ule umejaa mahekalu ya kale na sanamu za dhahabu, na Mkristo hapigi goti huko. Mama akajibu kwamba tutaangalia kwa macho tu. Mimi niliyesikiliza nyuma ya mlango nilielewa kwamba sanamu zile zina nguvu ya kumshika mtu anayeinama, asiweze kuinuka tena. Nikaapa kutembea nimekaza shingo.

Jamani, ule mji. Tulitoka kwenye giza la Januari tukashushwa kwenye jua lililotupiga usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Kulikuwa na harufu ya samaki wa kuchoma, ya moshi wa pikipiki, ya mashada ya yasmini yaliyouzwa kwenye taa za barabarani, na chini ya zote ile harufu ya maji ya mto. Na mapaa! Kila ulikogeuka kulikuwa na paa la hekalu, jekundu na kijani, lenye ncha zilizopinda juu kana kwamba linataka kuruka. Mama alifunga kitenge chake bora, kilichofika vifundoni, na kila hekalu tulilokwenda walinzi walimpungia mkono apite. Watalii wenye kaptura walisimamishwa mlangoni wakakodishiwa shuka za kujifunga. Mama alipita katikati yao ameinua kidevu, ijapokuwa alichechemea.

Hekalu la kwanza lilikuwa la Budha aliyelala. Ni sanamu ndefu kuliko jengo letu la Fittja lingekuwa kama lingelazwa ubavu, yote dhahabu, kichwa kimeegemezwa mkononi, nyayo zimepambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa. Watu walisogea kando yake kimya, viatu mkononi. Mimi nilisahau kukaza shingo. Nilichokiona pale kilikuwa mgonjwa. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia sawasawa na wagonjwa wa mama, mto chini ya kichwa, mguu mmoja juu ya mwingine, na uso ule wa mtu aliyekwisha kuogeshwa. Nilimwonea huruma sana. Nikamvuta Tante Lek nguo nikamuuliza, kwa Kiswidi, ambacho nilimjibia hata mama aliponigombeza kwa Kiswahili:

"Nani humgeuza?"

Tante Lek alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akawatafsiria waliokuwa karibu, nao wakacheka wakinipapasa kichwa. Baadaye sana nilikuja kujifunza kwamba sanamu ile inamwonyesha Budha akiingia kwenye pumziko lake la mwisho, kwa hiyo sikuwa nimekosea mbali. Lakini siku ile nilijibiwa tu kwamba huyu ni mkubwa mno, angehitaji wodi nzima ya akina mama yangu.

Mama hakulisikia hilo. Alikuwa amebaki karibu na mlango. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kila hekalu. Wengine waliingia, wakaketi sakafuni na kukunja miguu nyuma, kwa maana kule ni utovu wa adabu kumwelekezea Budha nyayo zako, wakatulia. Tante Lek aliketi, mimi nikaketi naye. Mama alisimama kwenye nguzo, mkoba kifuani. Katika hekalu moja mzee mlinzi alimwonyesha kwa mkono, kwa upole kabisa, kwamba akae chini. Mama akatikisa kichwa.

"Miye niko wa Yesu," akamwambia kwa Kiswahili, yule mzee asiyejua hata neno moja.

Sijui niwaelezeje fahari niliyoisikia. Nilimwona mama yangu kama wale mashahidi wa imani tuliofundishwa shule ya Jumapili. Sanamu zote za Bangkok zilikuwa zimemtazama, naye hakuinama. Nilipanga kuwasimulia wamama wa kwaya neno kwa neno.

Tulilala ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya mbao ya mama yake Tante Lek, bibi mkavu, mchangamfu, asiye na meno mengi. Nyumba ile haikuwa na viti. Watu walikula wameketi mkekani kuzunguka vyakula. Siku ya kwanza Tante Lek alikwenda kwa jirani akamwazimia mama kiti cha plastiki, na mama akala juu kama hakimu, sisi wengine tukiwa chini yake. Baada ya siku chache kiti kilikuwa kimerudishwa kwa mwenyewe, na mama akapewa stuli. Kisha stuli ikahitajika jikoni, akapewa kigoda. Kila jioni bibi alimpaka goti dawa ya kijani, akalichua kwa vidole vyake vigumu huku akiongea naye Kithai, na mama akimjibu kwa Kiswahili, wakaelewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Mama alilalamika juu ya joto, juu ya pilipili, juu ya mbu. Juu ya kigoda hakusema kitu.

Ilipokaribia mwisho wa safari, Tante Lek alitupeleka kwenye hekalu dogo, la zamani, nyuma ya soko la maua, ambalo watalii hawalijui. Ndani kulikuwa na Budha aliyeketi, si mkubwa kuliko mtu, na watu walikuwa wakimbandika vipande vya dhahabu, vyembamba kiasi kwamba ukipumua vinaruka. Walivitoa kwenye karatasi ndogo wakavigandamiza kwa kidole. Hao nao niliwaelewa mara moja: walikuwa wanamfunga plasta. Safari hii Tante Lek hakucheka. Aliniambia kwamba karibu nimepatia, ila plasta hizo ni za watu wenyewe. Anayeumwa kichwa hubandika kwenye kichwa cha sanamu, anayeumwa tumbo hubandika tumboni, akiomba apone pale pale.

Mama, mlangoni kwake, alisikia. Akainua shingo kuangalia, nami nikaangalia alikotazama. Kichwa cha sanamu kilikuwa na dhahabu, kifua kilikuwa na dhahabu, lakini magoti! Magoti yalikuwa yamevimba kwa dhahabu. Tabaka juu ya tabaka, kingo zimechanika na kupeperuka, mpaka hayakuwa tena na umbo la goti. Mji mzima ulikuwa umeleta magoti yake pale. Mama aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akatoa kicheko kifupi puani, cha kwanza nilichokisikia tangu barafu ya Fittja.

Jioni ile tukala wali na samaki. Bibi alikuwa amekwisha kula, anatafuna tambuu yake kwenye kona. Mama alikuwa akisimulia kwa Kiswidi jinsi wale watu walivyobandika magoti, kwamba ni jambo la kusikitisha, ila yeye Mkristo hawezi kupiga goti mahali kama pale, ndiyo maana anabaki mlangoni. Tante Lek aliweka kijiko chini.

"Wewe humwogopi Budha," akamwambia. "Unaogopa sakafu. Sasa hebu tazama umekalia nini."

Mama akatazama. Kigoda kilikuwa kimeondolewa siku mbili nyuma. Alikuwa amekalia mto wa kulalia, tena wa kuukuu, uliobonyea mpaka karibu na mkeka. Goti la kulia lilikuwa limekunjwa mbele yake, limekunjwa kabisa, na sahani ya wali juu yake.

Nilimwangalia mama nikisubiri amjibu kwa jina la Yesu. Alishusha mkono akaligusa goti kama mtu anayegusa kitu cha jirani.

"Kumbe niko chini," akasema kwa Kiswahili, bila kumwambia yeyote.

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Tante Lek naye, na bibi kwenye kona akacheka bila kujua sababu. Mimi peke yangu sikucheka. Nilijiona nimeibiwa. Shahidi wangu wa imani, kumbe alikuwa mwanamke anayeogopa kukaa chini asije akashindwa kuinuka mbele ya watu, na Yesu wa watu alikuwa amesingiziwa katika mahekalu yote yale. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mama yangu aliumbuliwa na mto wa kulalia. Nililala nimenuna. Lakini asubuhi, kabla jua halijawa kali, alikuwa amekwisha kufunga kitenge, anatuamsha. Alimwambia Tante Lek kwamba kabla ya kurudi Swiden anataka kupanda kile kilima.

Katikati ya mji ule kuna kilima kilichojengwa na watu, na juu yake hekalu jeupe lenye mnara wa dhahabu. Ngazi zake zinakizunguka kwa utaratibu, pana na fupifupi, chini ya miti, na njiani kumetundikwa kengele. Kila siku tulikipita na mama alikuwa akigeuza uso. Sasa alisimama mguuni pake, akavuta pumzi, akaanza. Mguu mzima mbele, mguu mbovu ukafuata. Ndivyo alivyofundishwa hospitalini, kwamba kupanda kunatangulizwa na mguu mzuri. Akashika reli kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine, na uzito wake niliusikia mpaka kwenye visigino.

Tulipofika kwenye kengele, watu waliotupita walizigonga mmoja mmoja, zikalia zikishuka chini ya miti. Mama aliziangalia kwa mashaka. Akapita ya kwanza. Akapita ya pili.

"Kengele hata kanisa iko nazo," akasema mwishowe, akaipiga ya tatu kwa nguvu ambazo sidhani iliwahi kupigwa nazo. Tangu hapo hakuacha hata moja. Tulipanda tukigonga, jasho likimtiririka shingoni, na katikati ya mlima nikasikia bega langu limekuwa jepesi. Mkono wake haukuwepo. Nikatazama miguu yake. Ule wa kulia, mbovu, ulikuwa ndio unaotangulia. Sikusema neno, nikiogopa nikisema ataugundua kama alivyougundua mto.

Juu kulikuwa na upepo. Chumba cha hekalu kilikuwa na madirisha pande zote, na nje yake mji wote: mapaa ya mahekalu yaking'aa, mto, maghorofa ya kioo mbali kabisa. Mbele ya madhabahu kulikuwa na kundi la vikongwe waliovaa nyeupe, wameketi sakafuni baada ya sala zao. Tante Lek akapiga magoti kando yao. Mama akasimama kwenye dirisha. Zile habari za sanamu kumshika mtu anayeinama zilikuwa zimenitoka kichwani bila hata kuaga. Nilichoogopa sasa ni goti tu, na nililiogopa kwa mwili mzima.

Mama akashika ukingo wa dirisha. Akashusha goti zima, kisha lile lingine, polepole, akiuma mdomo. Likalia kidogo. Likafika. Akabaki pale, magoti yote mawili juu ya sakafu baridi, uso kwenye mbingu ya dirishani, akamwomba Mungu wake kwa Kiswahili cha Uvira na kwa sauti yake isiyojua kunong'ona. Pembeni yake Tante Lek alikuwa katika sala zake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaongea na nani.

Alipomaliza, Tante Lek alimwekea mkono kwapani, kama walivyozoea kazini.

"Hapana, Lek. Niache," mama akasema.

Akaweka mguu wa kulia mbele. Akaegemeza kiganja juu ya lile goti, akasukuma. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kwa kitambo kidogo hakwenda juu wala chini, nami nikalia bila kujua ninalia. Kisha akapanda. Akasimama wima, mzima, mkubwa, akapangusa vumbi kwenye kitenge chake na kulitazama lile dirisha kama mtu aliyelinunua. Nikapiga makofi hekaluni, jambo ambalo halifanywi, na hakuna aliyenikemea.

Kazini alirudishwa rasmi majira ya kuchipua, na aliifanya kazi ile mpaka alipostaafu kwa heshima. Lakini mimi nikiulizwa mama alirudi kazini lini, najua ilikuwa siku ile, kule juu. Maana wale vikongwe walikuwa wameona kila kitu. Aliyekuwa karibu zaidi, bibi mdogo mwenye kichwa kilichonyolewa, alimtazama mama kutoka sakafuni, akayatazama magoti yake mwenyewe, akanyoosha mkono.

Mama akauangalia ule mkono, na uso wake ukawa ule wa wodini niliouona mara chache nilipopelekwa kumsubiri amalize zamu. Akasogea. Akamwonyesha bibi aweke mguu mmoja mbele. Akaikinga miguu ya bibi kwa miguu yake mwenyewe isiteleze, akapitisha mikono mgongoni mwake, akamtazama machoni na kumhesabia moja mbili tatu kwa Kiswidi, kama alivyowahesabia wagonjwa wa Flemingsberg miaka yote:

"Ett, två, tre."

Bibi akainuka kama unyoya. Akasimama akishangaa, akishika shavu, kisha akacheka kwa sauti na kuwageukia wenzake akiwaeleza jambo. Mkono wa pili ukanyooshwa. Kisha wa tatu, kule nyuma, na wa nne. Mama akapandisha mikono ya blauzi yake mpaka juu ya viwiko, akalitazama kundi zima.

"Nani tena?" akauliza.